Gari Jeupe Nyuma ya Goli

Msimu ule ulikuwa na nuksi tangu mwanzo. Nahda, timu ya wachimba fosfeti, ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, na kocha wake aliaga anakwenda msibani, mpaka leo hajarudi. Hata hivyo siku ya mwisho ilifika na tumaini bado lipo: wakishinda, wanabaki daraja la tatu. Wakishuka, wakubwa wa mgodi walishasema hawatatoa tena hata soksi. Klabu ingekufa.

Kipa na nahodha alikuwa Lazhar. Baba yake, Mzee Belgacem, aliwahi kuichezea Nahda ujanani. Tangu vumbi la mgodi limmalize mapafu, hakuna kingine ila mechi za Nahda kilichomtoa kitandani. Jumapili akivaa skafu yake ya kijani, anakuwa mtu tena.

Kipindi cha pili Nahda wakapata bao. Lilikuwa la kubahatisha, mpira uligonga goti la beki wao aliyepanda mbele ukaingia, lakini bao ni bao.

"Refa, saa yako imekufa?" mtu akapayuka jukwaani huku akitema maganda ya alizeti. "Puliza twende zetu, mkeo anakungoja!"

Mpira ulikuwa umetoka Lazhar aliposikia kelele za namna nyingine nyuma yake. Akageuka. Baba yake ameanguka kwenye ngazi, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Akaruka uzio. Mongi, dereva wa gari jeupe la wagonjwa lililoegeshwa nyuma ya goli, alishafungua mlango, lakini alisimama akimtazama yeye. Kanuni kila mtu aliijua: gari likiondoka, mechi inasimama, lisiporudi upesi, mwenyeji, yaani Nahda, amepoteza. Na gari lilikuwa hilo hilo moja, hospitali iko mbali, mjini Gafsa.

"Msinipeleke," mzee akakoroma. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Baba, nyamaza."

"Nitasubiri. Rudi golini, mwanangu. Ukiniondoa sasa umeniua."

Ghazi, beki wa kati, alikuwa amekuja nyuma yake. "Kapteni, si mwenyewe anasema atasubiri? Kidogo tu, wallahi."

Lazhar alimchukia. Akajichukia zaidi, kwa sababu naye alikuwa ametupia jicho saa ya refa. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wahenga walisema, naye akaamini anachagua nusu.

"Mongi, mpakie."

Refa alikuwa mtu mpole. Alisubiri muda wote wa kanuni, akaitazama njia ya Gafsa, hakuona kitu, akapuliza. Hakuna aliyemtukana. Watu walishuka jukwaani, wakampita Lazhar kama wanavyompita mfiwa wasiyemjua.

Mzee alipona. Daktari alisema angechelewa kidogo tu wangekuwa wanamzika. Lazhar alipoingia wodini alimkuta anakunywa supu.

"Tulishinda?"

"Hapana, baba."

Mzee akaweka kijiko chini. "Si nilikwambia ningesubiri," akasema, akageukia ukuta.

Bado yu hai. Jumapili mchana huvaa skafu ya kijani, akaketi kitandani, ingawa hakuna mechi ya kwendea. Lazhar humletea kahawa, akaiweka karibu na mkono wake. Jioni huja kukichukua kikombe kikiwa kimejaa vile vile.