Majani ya Kando ya Josho

Mchinjaji alifika kabla hata sijanywa chai, kisu amekifunga kwenye gazeti. Nilimkuta mlangoni mwa banda langu akijadiliana na shemeji yangu habari za paja na mbavu za ng'ombe wangu, ambaye alikuwa bado anapumua. Mimi mwenye ng'ombe hakuna aliyeniuliza.

Ng'ombe huyo anaitwa Kiburi. Mama yangu mzazi alinipa akiwa ndama, mwaka niliofiwa na mume wangu, na maziwa yake ndiyo yanayonifanya niishi kwenye nyumba hii ya ukweni bila kumpigia mtu magoti. Sasa alikuwa amelala siku ya pili, anahema juu juu, tezi za chini ya sikio zimevimba kama yai.

"Shemeji, tusidanganyane," alisema mdogo huyo wa marehemu. "Akijifia ni wa kufukia. Tukimchinja sasa hivi, angalau familia itakula."

"Familia ipi? Hii ambayo haijawahi kushika ufagio wa hili banda?"

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwanangu, punguza sauti. Huenda ni jicho la mtu. Ng'ombe hatoki nje, ugonjwa umemfuata vipi humu ndani?"

Hapo walinibana kweli. Kiburi hajawahi kukanyaga malisho. Analala kwenye saruji, majani anakatiwa na kuletewa. Kwa hiyo tulijiona tumepona: joshoni hatukumpeleka kuoga dawa, nyumbani hatukumnyunyizia. Ng'ombe wa ndani, kupe atamfikia wapi? Hata mimi niliamini upuuzi huo, na nimejilaani vya kutosha.

Nilikuwa nimempigia simu bwana mifugo alfajiri. Alifika na buti zake za mpira, akapima joto, kisha akapindua sikio la Kiburi. Kwenye mikunjo ya ndani kupe wa kahawia walikuwa wameganda, kumi na wawili upande mmoja tu.

"Ndigana kali hii, homa ya kupe," alisema. "Majani mnakata wapi?"

Shemeji akaanza kukagua viatu vyake. Kukata majani ndiyo kazi pekee anayoifanya hapa nyumbani. Nikajibu mimi, maana nilishamfuma: anakata kando ya josho, pale ng'ombe wa mtaa mzima wanaposimama foleni. Majani yamestawi kwa samadi, na ni karibu.

Bwana mifugo alitikisa kichwa. "Kupe mchanga anamnyonya ng'ombe mgonjwa, anashiba, anadondoka hapo hapo kwenye foleni. Anajivua gamba, anapanda kwenye jani, anasubiri. Ugonjwa anao mwilini. Ninyi mkamfunga kwenye mzigo mkamletea Kiburi mpaka mdomoni. Na kupe akishauma hamwagi ugonjwa mara moja. Mara nyingi anakaa siku mbili tatu ndipo mate yake yaanze kuutoa. Mngepindua masikio kila siku mkawatoa, tusingefika hapa."

Akafungua mkoba. "Sindano ninayo, ila tumechelewa, siahidi kitu. Na nikimchoma, nyama yake hailiwi wiki kadhaa. Akifa, mnafukia ng'ombe mzima."

"Basi usimchome!" shemeji aliruka. Mchinjaji akaanza kufungua gazeti.

Nilisimama katikati ya mlango na koleo la samadi, bado linachuruzika.

"Huyu ni wangu," nilisema. "Akifa, shimo nitachimba mwenyewe na nitalia humo humo. Lakini hamtamtafuna kwa sababu ya uvivu wa mtu. Bwana mifugo, choma!"

"Mwanangu, fikiria," mama mkwe alisema.

"Nimeshafikiria, mama."

Mchinjaji alikunja gazeti lake akaondoka. Naona yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote.

Nisiseme uongo, niliogopa. Nilimnywesha Kiburi maji kwa chupa, nikatoa kupe mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye mafuta ya taa. Shemeji aliacha kunisalimia. Siku ya nne nilimkuta Kiburi amesimama, miguu ya nyuma inatetemeka, anacheua. Nililia kwa sauti, anayetaka kucheka acheke. Maziwa yalishuka yakawa kikombe kimoja, na mpaka leo hayajarudi yote.

Wiki iliyofuata, mchana, shemeji alikuja uani. Ana ndama wake wawili nyuma ya nyumba, nao walikuwa wakila majani ya mzigo ule ule. Alininong'oneza, "Shemeji, hebu njoo unitazamie ndama mmoja. Ana tezi kama zile."

"Sema kwa sauti, mama asikie."

"Shemeji, jamani..."

"Mchinjaji ulimleta kwa kunong'ona?"

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage hatua chache kutoka tulipo, mikono ikasimama.

"Majani mabaya nilikata mimi," shemeji alisema, safari hii kwa sauti. "Naomba unisaidie."

Nilikuwa nimeshavaa buti na simu ya bwana mifugo inaita. Ndama hana kosa. Nilitangulia, yeye akanifuata nyuma amebeba ndoo.