Neno la Kumwambia Mzee Kereama

Gari lilikuwa limeshaacha lami. Nyuma, Rewi alikaa kando ya jeneza la baba yake, amelishika lisiteleze kwenye kona, maana kwao maiti hasafiri peke yake na yeye ndiye aliyekuwa mtoto pekee. Mvua ilinyesha tangu Jumatatu. Mbele, karibu na dereva, shangazi yake Ngāhuia aligeuka tena.

"Umelishika neno?"

"Nimelishika, shangazi."

"Basi liseme."

Rewi akalikaza jeneza, kona nyingine imefika.

"Mvi kichwa kizima, neno moja linakushinda! Si amri tu? Haere. Nenda. Unamwambia baba yako mara tatu, unakaa zako. Hata kasuku angeshajua."

"Mwache, mama," alisema Tāwhai, dereva, binamu yake. "Kimaori cha huyu ni cha mbwa."

Rewi mwenyewe alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Baba yake, Mzee Kereama, alichapwa fimbo shuleni kwa kusema lugha ya mama yake, akaapa mwanawe hatachapwa. Akamlea kwa Kiingereza. Kimaori kilichobaki nyumbani kilikuwa cha kutuma na kukemea: njoo, kaa, nyamaza, lete maji. Ndicho alichowasemesha pia mbwa wake wa kondoo. Lakini haere, hilo Rewi aliambiwa siku moja tu. Alikuwa na miaka kumi na saba, wamegombana zizini, baba akanyoosha mkono kuelekea getini. Ilipita miaka ishirini na moja kabla hajarudi.

Wiki iliyopita, hospitalini, mzee huyo ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi alimshika mkono.

"Nakuomba, mwanangu. Wasinisindikize kwa Kiingereza. Nitapotea njia."

Alijua anaomba nini. Katika marae yao, uwanja wa ukoo, msemaji wa mwisho wa Kimaori alikuwa mzee mwenyewe. Mzee Paraone wa bonde la pili aliahidi kuja kumsemea, Rewi aongeze lile neno moja tu. Siku ya tatu ya msiba, asubuhi ya kuzika, simu ikalia: mto umechukua daraja, Paraone hawezi kuvuka. Likabaki neno la Rewi peke yake.

Jeneza lilikuwa wazi ndani ya nyumba ya ukoo. Wanawake walikaa pande zote mbili, majani mabichi ya msiba kichwani. Jikoni viazi vitamu vilikuwa vinachemka na nyama ya nguruwe. Mlangoni alilala Hiko, mbwa wa marehemu, ameloa chapachapa.

"Simama sasa," Ngāhuia alinong'ona.

Rewi alisimama. Aliutazama uso wa baba yake. Neno likapanda mpaka kooni, na pamoja nalo likapanda lile geti, na ule mkono ulionyooshwa. Watu walisubiri. Mtu akakohoa.

"E noho," alisema. Kaa. Kisha kwa nguvu: "E noho!"

Mlangoni Hiko akainuka, akaketi wima.

Hakuna aliyecheka. Maiti haambiwi akae. Huambiwa aende, afike kwa waliotangulia, asije akatangatanga. Ngāhuia akamvuta koti.

"Mwambie aende, mwanangu. Tafadhali. Nakupigia magoti."

"Siwezi kumfukuza, shangazi."

Ngāhuia akaanzisha wimbo haraka kuifunika aibu, sauti ikamkatikia katikati. Kasisi kijana, aliyejua Kiingereza tu, akasoma sala yake yote. Kifuniko kikapigiliwa misumari.

Paraone hakufika kamwe. Mapafu yalimlaza, akafa Agosti. Ngāhuia alimfuata majira ya joto, naye akazikwa kwa Kiingereza. Tāwhai bado anaendesha gari lile. Nyumba ya ukoo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, kufagiliwa. Rewi alivuka kwenda Australia, akapata kazi mgodini, na ile lugha haisemi tena, hata zile amri. Hiko alichukuliwa na jirani, ambaye alimwita kwa Kiingereza. Hakutii. Kabla ya msimu wa kukata kondoo manyoya akapigwa risasi.