Ukaguzi wa Majani

Katika Ufalme wa Mpunga, raia alipimwa kwa majani yake. Kila asubuhi wapambe wa Mfalme Suke walipita kwenye majaruba wakikagua: jani likiwa la kijani, nchi ina afya. Basi, wameshamaliza kazi.

Nondo alipoingia na mabawa yake meupe, aliomba mahali pa kutagia tu. Mayai yake aliyafunika kwa manyoya aliyojinyonyoa mwenyewe, watu wakasema, mama mwenye huruma huyo! Mfalme akampa uwaziri.

Mayai yakaanguliwa. Mama Shina, mjane wa kando ya mfereji, akamsikia kitindamimba wake Chipukizi akilalamika: "Mama, kuna kitu kinanitafuna ndani."

Akaenda barazani mbio.

"Mtukufu Mfalme, viwavi wa Mheshimiwa Nondo wameingia ndani ya watoto wetu. Wanawala."

Nondo akacheka. "Jani gani limeliwa, mama? Lionyeshe."

"Hawali majani, Mheshimiwa. Wako ndani ya bua. Niruhusuni nipasue moja, langu mwenyewe, mjionee."

"Apasue bua!" wapambe wakamaka. "Huyu katumwa na adui zetu Magugu!"

"Nenda kapumzike, mama," Mfalme akasema kwa upole. "Uzazi una wasiwasi. Sheria yetu ni majani."

Siku ya saba Mama Shina alimshika Chipukizi jani la katikati, amnyooshe tu. Likachomoka lote mkononi, limekauka, limeoza chini. Mtoto hakusema kitu tena.

Akalipeleka, akaliweka miguuni pa Mfalme.

"Moja tu hilo," Nondo akasema. "Mengine yote ni ya kijani."

Masuke yakatoka. Yalikuwa meupe, yamesimama wima. Mfalme akatazama ng'ambo, kwenye ufalme wa jirani.

"Waoneni wenzetu walivyoinamisha vichwa! Sisi tumesimama."

Wakampigia makofi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba wale wameinama kwa uzito wa punje.

Alasiri moja ukapita upepo, wala haukuwa mkali. Mfalme akakatika kiunoni. Ndani mlikuwa na tundu na unga wa kinyesi. Viwavi hawakuwemo, walishaota mabawa, wakavuka mfereji nyuma ya mama yao.

"Majirani!" Mama Shina akaita mpaka sauti ikamkauka. "Msitazame majani! Pasueni bua moja!"

Ng'ambo hawakumsikia. Walikuwa wakimpigia mgeni vigelegele.