Waliochaguliwa na Ogweno

Edith Akoth alikuwa na miaka ishirini na tisa alipopewa kufundisha historia Kidato cha Tatu, mwanzoni mwa 1997, katika shule ya kutwa iliyo nje kidogo ya soko la Ndhiwa. Wenzake wa chuo walipelekwa mbali na kwao. Yeye alirudishwa nyumbani kabisa, akawa anakaa katika boma la marehemu baba yake pamoja na kaka yake mkubwa, Boaz, na mkewe. Watoto aliowafundisha walikuwa wa majirani. Wengine walimwita Mwalimu darasani na shangazi njiani.

Historia hawakuipenda. Waliikariri kama namba za nyumba ambazo hawajawahi kuingia, wakaimwaga kwenye karatasi ya mtihani na kuisahau. Mwezi wa Juni walifika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu kilikuwa na aya moja tu kuhusu wapagazi: kwamba Waafrika wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, na wengi wao wakafa kwa njaa na kuhara.

Liz, msichana mkimya aliyekaa karibu na dirisha, aliinua mkono.

"Mwalimu, hao wengi walikuwa watoto wa nani?"

Darasa lilicheka. Edith alifungua mdomo kujibu, akagundua hajui. Miaka minne chuoni, na hakuwahi kuuliza.

"Mkaulize nyumbani," alisema. "Jumatatu kila mtu aje na jibu. Kwenu alichukuliwa nani, na nani alimchukua?"

Jumatatu wanafunzi kumi na mmoja walikuja na majina. Edith aliyaandika ubaoni, moja chini ya lingine, na kando ya kila jina akaandika mtu huyo alikuwa anakaa kwa nani. Alipofika la saba mkono wake ulianza kwenda polepole. Wanane walikuwa jodak, yaani watu waliokuja kutoka kwingine wakakaribishwa kwenye ardhi isiyo yao. Watatu waliobaki walikuwa wana wa wajane. Katika nyumba za wenye ardhi, ambazo watoto wao walijaa darasa lile, hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amekwenda.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nani alichagua?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma.

Liz alitazama dawati lake. "Nyumbani wanasema ni Ogweno."

Ogweno alikuwa babu yake Edith. Kila mtu mle ndani alijua. Picha yake ilikuwa sebuleni kwao, amevaa koti la kaki na kofia ya hedimani, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na Wazungu, na tangu utotoni Edith aliambiwa kwamba huyo ndiye aliyewaokoa watu wa lokesheni, yaani kata yao, mikononi mwa Wazungu. Alihisi macho ya wanafunzi thelathini na wanane yakimngoja. Angeweza kufuta ubao. Kengele ilikuwa karibu kulia.

"Wanasema, au wanajua?" alimuuliza Liz.

"Aliyechukuliwa kwetu anaitwa Mwikwabe. Ni baba ya babu yangu. Dada ya babu bado yuko hai, yuko Ntimaru. Yeye alikuwepo."

"Basi likizo nitaenda kumwuliza," Edith alisema, na hakufuta ubao.

Boaz aliposikia safari hiyo alikataa. Alikuwa mtu mzuri, Boaz. Ndiye aliyeuza ng'ombe wawili Edith akasoma, na hakuwahi kumkumbusha hata siku moja.

"Nyaminwa, unatafuta nini huko?" alisema, akimwita dada kwa Kijaluo. "Mzee amekufa. Waliochukuliwa wamekufa. Unataka kuchimbua watu wapate kukutukana?"

"Nataka kujua, omera, kaka yangu. Mimi hulipwa kuwaambia watoto yaliyotokea."

"Wewe hulipwa kufundisha kilicho kwa kitabu."

Edith alikwenda. Mwezi wa Agosti alipitia Migori mjini, akalala kwa rafiki yake, na kesho yake akafika Ntimaru saa nne asubuhi. Nyamoita alikuwa ndani ya banda la tumbaku, mwanamke wa miaka themanini na sita, akichambua majani makavu pamoja na wakwe zake. Aliyatenga kwa rangi bila kuyatazama sana, kwa vidole tu. Edith alianza kwa Kiswahili, akajitambulisha kwa jina lake na la shule, na kusema kwamba anamfundisha Liz. Bibi alimkatiza kwa Kijaluo safi cha utotoni.

"Wewe ni mtoto wa boma gani?"

Edith alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. "La Ogweno," alisema. "Mimi ni mjukuu wake."

Wakwe waliacha kuchambua. Nyamoita alisogeza rundo la majani ili Edith apate mahali pa kukaa.

"Nilikuwa nimeanza kubeba kibuyu kidogo cha maji," alisema. "Kwa hivyo nakumbuka vizuri. Ogweno hakutuma askari. Alikuja mwenyewe, jioni, akakaa kwa kiti cha baba. Walikuwa marafiki hao wawili, walikuwa wakinywa pamoja. Akasema, 'Mwikwabe, nimeambiwa nitoe watu kumi na mmoja. Nikitoa wa ukoo wangu, nitaishi na nani?' Baba akamwambia, 'Na mimi si wewe ulinikaribisha?' Basi Ogweno akalia. Niliona machozi. Halafu akasema, 'Ni kesho asubuhi.'"

"Na hakurudi?"

"Hakurudi. Hata habari haikurudi. Mama alinichukua tukaja huku kwao. Kaka yangu alibaki kwa shamba lenu, ndiye babu ya huyo msichana wako."

Edith aliandika yote. Tangu chuoni alikuwa akisoma na kufundisha kana kwamba watu wa kale waligawanyika makundi mawili, wabaya huku na wazuri kule, na kila kundi lilijua liko upande gani. Ogweno hakuwa upande wowote kati ya hizo mbili. Alikuwa mtu aliyeulizwa swali gumu, akachagua jibu ambalo lingemwumiza mwingine.

"Nyanya, nikiandika habari hii, niandike kwamba alilia?"

"Andika. Ukiacha, utakuwa umedanganya." Nyamoita alirudi kwenye majani yake. "Lakini usiishie hapo. Andika na ile kesho asubuhi."

Mwaka huo mvua ndefu ilikuwa imekatika mapema. Mahindi yalikauka yakiwa kiunoni, na Edith aliporudi Ndhiwa alikuta habari kwamba shirika moja la kanisa linaleta chakula cha msaada. Kila kijiji kiliunda kamati ya kuandika nyumba zenye njaa. Katika kijiji chao mwandishi wa kamati alikuwa Boaz.

Alimkuta mezani na daftari, akiandika kwa hati yake nzuri. Edith alisoma kutoka nyuma ya bega lake. Alisoma mara ya pili. Nyumba ya Edinah, mamake Liz, haikuwemo. Wala ya jirani yake. Wala nyumba yoyote iliyo ng'ambo ya kijito, ambako jodak walikaa, na ambako moshi wa jikoni ulikuwa umeanza kuonekana mara moja tu kwa siku.

"Boaz, mbona watu wa ng'ambo hawapo?"

"Magunia ni machache."

"Wao ndio wana njaa kuliko wote. Hawana hata ng'ombe wa kuuza."

Boaz aliweka kalamu chini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka. "Unadhani sijui? Nimewaweka, wazee wakaniambia niwatoe. Mwaka wenyewe ni wa kura. Hawa ndio watu wetu, Edith. Nikiwaacha hao, nitaishi na nani?"

Edith hakumwambia aliyoyasikia Ntimaru, si wakati ule. Alijua kwamba akisema hapo, ndani ya nyumba, Boaz angelia labda, na kesho orodha ingepelekwa vilevile.

"Baraza ni Alhamisi?" aliuliza.

"Alhamisi. Na wewe si mwanakamati."

"Najua."

Siku mbili alizokuwa nazo alizitumia ng'ambo ya kijito. Alienda nyumba kwa nyumba akiwaomba wanawake waje kwenye baraza. Wengi waliitikia tu kwa heshima, kwa vile ni mwalimu. Edinah alimwuliza waziwazi, "Tukija tukasema, na msimu ujao mtufukuze kwa shamba?" "Nitasema mimi kwanza," Edith alimwambia. "Nyinyi mje tu mwonekane."

Alhamisi watu walijaa mbele ya ofisi ya naibu wa chifu. Aliyetumwa na shirika alikuwa Makori, bwana wa makamo kutoka Kisii, mwenye miwani na haraka nyingi. Alitaka orodha ithibitishwe, atie sahihi, aende kijiji kingine. Naibu wa chifu aliuliza kama kuna mwenye neno, akawa tayari anafunga faili.

"Mimi nina neno," Edith alisema.

Mzee mmoja wa ukoo alinung'unika kwamba wasichana hawazungumzi kabla ya kamati. Edith alisimama hata hivyo. Sauti ilitoka ile ya darasani.

"Sitamtaja mtu wa boma lingine," alisema. "Nitaanza na kwetu. Mwaka wa 1917 babu yangu Ogweno aliambiwa atoe watu kumi na mmoja wa kubeba mizigo ya vita. Nitawasomea majina yao."

Aliyasoma yote. Alipotaja la Mwikwabe, Edinah alisimama kule nyuma, hakuna aliyemwambia asimame.

"Hawa wote hawakuwa na ardhi, au hawakuwa na baba. Babu yangu hakuwachukia. Alimlilia mmoja wao. Lakini aliogopa kuishi na watu wake akiwa amewaudhi, basi akatoa wale ambao hakuna angemwuliza. Sisi tumesema miaka themanini kwamba alituokoa. Ni kweli, alituokoa. Aliwatumia hawa. Leo kuna orodha nyingine hapa. Naomba isomwe kwa sauti, jina kwa jina, kila mtu asikie nani yumo na nani hayumo. Sina lingine."

Kelele zilizuka. Mzee yule alipiga fimbo chini akisema Edith amemvua babu yake nguo sokoni. Mwingine alisema hayo ni mambo ya vitabu. Naibu wa chifu alinyoosha mikono watu watulie, na ilionekana angependa sana kuendelea na shughuli. Lakini Makori alikuwa amevua miwani.

"Orodha isomwe," alisema. "Nyumba ambazo hazimo zitajwe. Bila hivyo magunia hayashuki kwa lori."

Orodha ilisomwa. Ilipoisha, Makori aliuliza ng'ambo ya kijito kuna nyumba ngapi, na wenye nyumba ni akina nani. Wanakamati walitazamana. Mmoja alisema kumi, mwingine ishirini. Ndipo Boaz aliposimama. Uso wake ulikuwa kama umemwagiwa majivu.

"Ni ishirini na sita," alisema, na akaanza kuwataja. Hakuangalia daftari. Alijua kila jina, idadi ya watoto, na nyumba zenye mgonjwa. Alijua kwa sababu alikuwa amewaandika mara ya kwanza, kisha akawakata kwa mkono wake mwenyewe.

Ishirini na sita waliongezwa. Kwa hiyo kila nyumba ilipata kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na wapo waliorudi kwao wakimlaani Edith kwa sauti. Wiki iliyofuata wazee watatu walikwenda kwa mwalimu mkuu kutaka ahamishwe. Mwalimu mkuu, ambaye hakupenda matata, alimshauri aombe uhamisho mwenyewe.

"Wakinihamisha nitaenda," Edith alisema. "Lakini barua sitaandika."

Hawakumhamisha. Boaz hakumsemesha. Walikula meza moja, na chumvi aliiomba kupitia kwa mkewe. Hilo lilimwuma Edith kuliko wazee wote watatu, na usiku mwingine alijiuliza kama alikuwa na haki. Asubuhi alikwenda darasani. Kidato cha Tatu walikuwa wameamua kuandika historia ya lokesheni yao, daftari kwa daftari, na kanuni yao ilikuwa moja: kila jambo liulizwe kwa watu wawili, aliyepata na aliyekosa. Sasa walibishana hadi baada ya kengele. Liz ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alimrudisha mwenzake mara tatu kwa nyanya mmoja kwa sababu hakuuliza jina la mke wa aliyechukuliwa.

Mwezi wa Novemba mvua ilikuja, na ikaja kupita kiasi. Alasiri moja barabara ilikuwa tope tupu, wanafunzi wamekwenda, Edith akisahihisha peke yake. Boaz aliingia darasani, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Alikaa kwenye dawati la mbele, ambalo lilikuwa dogo kwake.

"Hiyo historia yenu," alisema, "mnaandika mpaka mwaka gani?"

"Mpaka mwaka huu."

"Basi niandike na mimi. Nisije nikafa halafu watoto wangu waambiwe tu kwamba niliwataja wale watu kwa baraza." Alisugua tope kwenye kidole. "Niliwakata kwanza. Liandikwe hilo."

"Nitaandika yote mawili."

"Na wazee walivyonijia. Na kwamba niliogopa."

"Na hilo."

Edith alitoa daftari jipya kwenye droo, akaandika tarehe na jina la kaka yake juu ya ukurasa.

"Haya, omera," alisema. "Walikujia siku gani?"

Boaz alifikiri. "Ilikuwa Jumapili, tukitoka kanisani," akasema, na Edith akaanza kuandika.