Ukurasa wa Shukrani

Kabla ya kengele ya kipindi cha tatu, Mwalimu Imelda alikuwa ameshakwenda Mwanza na kurudi mara nyingi bila kuinuka kwenye kiti chake. Kila kazi ya utafiti aliyoifungua ilimpeleka ziwani: uvuvi wa sangara, nyavu haramu, maoni ya wavuvi. Waandishi wenyewe walikuwa mbele yake, wamejikunyata ndani ya masweta ya shule, mikono wameibana kwapani kwa baridi ya Julai. Nje ukungu ulikuwa umefunika kilima chote, hata mlingoti wa bendera hauonekani. Sangara mwenyewe hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

"Justin," akaita. "Hawa wavuvi uliwahoji vipi?"

Justin akasimama taratibu. "Kwa simu, Madam."

"Wote?"

"Walikuwa na simu moja, Madam. Walikuwa wanapokezana."

Darasa likaangua kicheko. Imelda naye akacheka, maana kulia kusingesaidia kitu. Kazi zile zilitoka kwenye steshenari moja mjini Lushoto, ambako kijana wa kompyuta hubadilisha jina la mwanafunzi na la shule, anatia jalada la plastiki, anakupa. Alishalisema jambo hilo kwenye vikao mpaka akachoka kuisikia sauti yake mwenyewe. Mkuu wa Shule, Mwalimu Aron, alikuwa na jibu moja tu: alama za utafiti zinaingia kwenye mtihani wa taifa, mtoto asiye na alama ni hasara ya shule, kwa hiyo tuonye na tupitishe. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuziingiza kwenye mfumo.

Muhula mzima alikuwa amewafundisha kwa chaki na koo lake, kwa kuwa maktaba ya shule ilikuwa kabati lililopotea ufunguo. Anza na swali, aliwaambia. Nenda ukaone. Uliza, pima, andika ulichokiona, na majina ya watu waliokueleza uyafiche, wasije wakapata matatizo kwa ajili yako. Waliandika yote kwenye madaftari kwa mwandiko mzuri, kisha wakapanda gari kwenda steshenari. Isipokuwa Beatha.

Beatha alikaa dawati la nyuma, binti mkimya wa kijiji cha Malindi, huku huku Lushoto, baba yake mzee wa kanisa la Kilutheri. Swali lake lilikuwa fupi: gunia la karoti lina kilo ngapi? Aliazima kutoka zahanati ile mizani ya kuning'iniza watoto wachanga, akaibeba mgongoni mpaka barabarani wanapopakia mboga, akapima karoti fungu kwa fungu. Akaandika jinsi gunia linavyojazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba cha karoti juu yake na kushonewa kwa kamba, mpaka linakuwa gunia na nusu na zaidi. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hulipwa gunia moja. Sheria inakataza, na hata watoto wa chekechea Malindi wanajua kwamba inakataza.

Kazi yenyewe aliiandika kwa mkono, kwa Kiingereza kama shule inavyotaka, Kiingereza kilichotoboka hapa na pale lakini cha kwake. Majina aliyaficha vizuri: mhojiwa wa kwanza, mhojiwa wa pili. Kisha, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaongeza ukurasa wa shukrani. Huo aliuandika kwa Kiswahili, ili awasomee aliowashukuru nao waelewe. *Namshukuru Mama Esteria wa Malindi kwa kunieleza jinsi wanunuzi wanavyotushonea lumbesa na kutulipa gunia moja.* Imelda aliusoma ukurasa ule usiku mmoja kabla ya maonyesho ya shule, macho yakimuuma, mafaili yamejaa kitandani. Ulimgusa moyo. Akatia vema kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: vizuri sana.

Kengele ilipolia, karani alikuwa mlangoni. "Madam, unaitwa kwa Mkuu. Na Beatha."

Ofisini alikuwemo Bosi Faustine, mwenyekiti wa bodi ya shule. Karoti zote za bonde lile zilishuka kwa lori lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti zito na kofia ya sufu, na mabati ya maabara ya shule yalikuwa msaada wake. Imelda akamwamkia, Beatha akaamkia kwa kupiga goti.

"Marahaba, mwanangu," alisema Faustine. "Kaa. Mimi sina ugomvi na wewe."

Mbele yake, mezani, ilikuwa kazi ya Beatha. Ijumaa iliyopita shule ilifanya maonyesho ya taaluma, kazi zote zikapangwa mezani, wageni wakapita wakifunua. Faustine aliishia darasa la saba na hakuona haya kulisema. Katika meza nzima ya Kiingereza alipata ukurasa mmoja tu anaoweza kuusoma.

"Nimesoma jina la Mama Esteria," akasema. "Yule mama ninanunua kwake miaka mingi. Nikajiuliza, kama mimi ni mwizi, kwa nini ananiuzia? Basi nikamwacha apumzike. Labda yuko mnunuzi mwingine mzuri kuliko mimi."

Hakukuwa na mnunuzi mwingine, na kila mtu mle ofisini alilijua hilo.

"Gunia zake ziko barabarani tangu juzi," Mkuu akasema bila kumtazama mtu. "Karoti zimeshaoshwa, haziwezi kukaa sana. Sasa mwenyekiti ana busara, yuko tayari kusamehe. Beatha ataandika barua kwamba alibuni. Hakuzungumza na Mama Esteria, hakupima kitu, alitunga tu kichwani. Lori litazichukua leo hii. Ila kwa utaratibu wetu, utafiti wa kubuni ni sifuri, na sifuri hiyo itakwenda kwenye mfumo."

"Na wale wa Mwanza?" Imelda aliuliza.

"Wale wamenakili, Madam. Kunakili ni udhaifu, tunaonya tunapitisha. Kubuni ni udanganyifu."

Alilisema jambo hilo kwa uso mkavu kabisa. Imelda alitamani kumrushia kile kidau cha wino wa muhuri. Badala yake akaomba ruhusa ya kwenda barabarani na mtoto, wazungumze na Mama Esteria kwanza. Faustine akasema waende, yeye anasubiri chai.

Waliteremka njia ya mkato katikati ya miti ya matunda, Beatha mbele, Imelda nyuma akiteleza na viatu vyake vya darasani. Walimkuta Mama Esteria amekaa juu ya jiwe kando ya magunia yake, khanga kaizungusha shingoni, jembe kalilaza miguuni. Karoti zilikuwa zimeanza kulegea. Ukizishika zilipinda bila kuvunjika, na gunia la chini lilikuwa limeanza kutoa harufu.

"Shikamoo, mama," Beatha alisema, na sauti ikakatika hapo.

"Marahaba. Usilie, unalilia nini? Mimi ndiye ninayekaa kwenye jiwe." Akamvuta mkono, akasema naye kidogo kwa Kishambaa, maneno ya kumtuliza. Kisha akamgeukia mwalimu. "Alinisomea ule ukurasa, mwalimu. Nilimwambia arudie. Hakuna mtu aliyewahi kuandika asante yangu mahali."

Imelda akamweleza ya ofisini. Mama Esteria alisikiliza huku akichambua zilizooza na kuzitupa mtaroni.

"Andikeni wanavyotaka," akasema. "Andikeni nilikuwa nimelewa."

"Mama, wewe hunywi," Beatha alisema.

"Basi andikeni nimeanza." Hakucheka. "Hizi ndizo mbolea ya msimu ujao, na sare ya mwanangu mdogo. Kesho ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe sina. Huyu mtoto atapata ngapi?"

"Sifuri."

Mama Esteria akatupa karoti nyingine mtaroni.

Hasira aliyokuwa nayo Imelda ilimgeukia mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na saba alikosea kwa adabu. Yeye mwalimu, mwenye shahada, aliliona jina lile likiwa wazi kwa macho yake akalitilia vema. Akaomba karatasi kwenye mkoba wa Beatha, akaiweka gotini.

"Nitaandika mimi," akasema. "Nitasema majina na vipimo vyote niliviandika mimi ubaoni, kama mfano wa kufundishia, nawe ukanakili. Kunakili wanapitisha. Mama atachukuliwa mzigo wake, na wewe utapata alama."

"Lakini nilipima mwenyewe, Madam."

"Najua."

"Mizani niliibeba mwenyewe. Mvua ilininyeshea."

"Najua, Beatha. Wewe unataka sifuri?"

Beatha alisimama akitazama kalamu ya mwalimu wake ikitembea kwenye karatasi, mstari kwa mstari, mpaka sahihi.

Ofisini barua ilipokewa vizuri kuliko ilivyostahili. Mkuu aliisoma, mabega yakamshuka kwa nafuu. Alieleza kwa masikitiko kwamba itabidi amwandikie Madam barua ya onyo, na kwamba kupanda daraja, ambako Imelda alikuwa amekusubiri mpaka akaacha kukuulizia, kutasogezwa mbele kidogo. Beatha apewe alama kama wenzake. Kazi yenyewe akaifungia kwenye droo.

Faustine alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Mimi nilijua tu," alisema akitafuta namba ya dereva. "Nikajisemea, mama kama yule atayajulia wapi mambo ya kilo?"

Imelda akasema asante, mwenyekiti, kwa sababu ndivyo inavyosemwa, akatoka.

Mchana, baada ya kuingiza alama, aliteremka tena barabarani. Alihitaji habari njema walau moja siku ile, na habari yenyewe ilikuwa imeegeshwa pale, lori limewashwa, moshi wake unachanganyika na ukungu. Vijana wawili wapakiaji walikuwa wakifanya kazi haraka. Karoti zilizopona walizimimina upya, wakajaza, wakashindilia kwa magoti, wakapandisha kilemba juu, kirefu kuliko cha siku zote kwa kuwa, walisema, mzigo umelala, si mbichi tena. Mama Esteria alisimama pembeni akiangalia magunia yake yakipungua kwa idadi na kurefuka kwa kimo.

Aliyeshika kamba upande wa pili, ili mshonaji avute, alikuwa Beatha. Alikuwa amevua sweta. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

"Umepata kama wenzako," Imelda alimwambia alipomkaribia. "Hakuna kitakachokusumbua tena. Limekwisha."

Beatha aliiachia kamba. Akafuta mikono kwenye sketi, akapiga goti mbele ya mwalimu wake vile vile kama asubuhi, akainamisha kichwa.

"Madam, Mama Esteria ameniambia nikushukuru."

"Haina haja, mwanangu."

"Ndiyo, Madam. Naomba nisikushukuru. Mizani niliibeba mwenyewe."

Mshonaji aliita kutoka upande wa pili wa gunia, akauliza nani anashika kamba. Beatha akanyanyuka, akaishika, akavuta.