Nusu ya Peremende

Aba alikuwa ameapa kwamba Jumapili ya Mavuno hatafungua kinywa, ila kwa kupiga miayo. Aliapa jikoni mbele ya sufuria ya kenke, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akaapa tena njiani na kikapu cha viazi vikuu kichwani. Lakini anayemjua Aba anajua kwamba akiapa kunyamaza ni kama jogoo kaapa.

Kwa Wamethodisti Wafante wa mji ule, mahubiri hayaachiwi mhubiri peke yake. Mama aliyejaliwa karama husimama katikati ya neno, akatoa wimbo usio katika kitabu chochote, maneno akiyatunga papo hapo, na kanisa zima likamwitikia. Osofo, yaani mchungaji, hutulia mimbarini hadi wimbo uishe, akashukuru, akaendelea alipoachia. Sharti ni moja tu: wimbo uendane na neno linalohubiriwa.

Kwa miaka mingi karama hiyo ilikuwa ya Maame Esi Kwansima, mama yake Aba. Osofo akimtaja Musa, Maame Kwansima alishafika Bahari ya Shamu anamngoja. Alipofariki msimu wa mvua, wazee walimpa binti nafasi yake kwenye benchi la mbele, maana sauti ilikuwa ileile; ukifumba macho ungedhani marehemu karudi.

Sauti alikuwa nayo. Shida ilikuwa masikio. Osofo akihubiri, Aba hugeuka geuka kutazama watu: nani amekonda, nani anaimba kwa midomo tu, nani amekaa mbali na mumewe leo. Moyo ukimshika, wimbo unamtoka wenyewe. Jumapili moja Osofo Ebo Eghan alikuwa anahubiri arusi ya Kana, maji ndiyo kwanza yanageuka divai, Aba akamwona mzee Egya Kobina nyuma kabisa, amepakata kibeti cha marehemu mkewe. Akasimama na wimbo wa kuvuka mto wa mauti. Nadhani hata ile divai ilirudi kuwa maji. Kesho yake Egya Kobina alimletea mkungu wa ndizi, akasema asante, akaenda zake bila kueleza.

"Kakuonea huruma huyo," Maame Araba Tawia alimwambia. Maame Tawia ndiye kiongozi wa akina mama, na alikuwa shoga wa damu wa Maame Kwansima tangu usichana wao. Alikuwa amekuja jikoni kwa Aba na uso wa mahakama. "Wewe Aba, nikuulize. Kana na kaburi vinahusiana nini?"

"Havihusiani, Maame."

"Na siku ile ya Zakayo juu ya mti?"

"Nayo nilikosea, Maame."

"Mwanangu, karama hairithiwi kama sufuria. Jumapili ya Mavuno anakuja mkubwa wa kanisa wa jimbo. Ukituaibisha tena, nafasi ile nampa Efua Bentsiwa. Nimemaliza."

Aba hakula siku ile. Alishajaribu kutumika kwingine. Alipanga maua ya madhabahu, yakaonekana kama yamegombana. Alifundisha watoto, wakamshinda nguvu. Sauti ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa Mungu na watu wake, na kwenye benchi lile ndipo alipokuwa bado anamsikia mama yake akihema kando. Akinyang'anywa, atakwenda kukaa wapi?

Basi Mavuno yakafika. Kanisa lilinuka mihogo, mayai na mbuzi mmoja aliyefungwa mlangoni, ambaye alikuwa na mengi ya kusema. Mkubwa wa jimbo alikaa mbele na joho lake. Osofo Ebo akapanda mimbarini kuhubiri furaha ya wavunaji, na kina mama katika nguo zao nyeupe wakamgeukia Aba, mmoja mmoja, kwa jicho la kumwonya. Aba akakaza midomo.

Maame Tawia alikuwa kando yake, kama alivyokuwa kando ya mama yake siku zote. Na wawili wale walikuwa na mtindo ambao kanisa zima liliujua. Mahubiri yakianza tu, Maame Tawia hutoa peremende kifuani, akaikata kwa meno, akampitishia mwenzake nusu kwa chini bila kugeuza shingo. Maosofo wote waliopita pale waliona, wakajifanya hamnazo.

Tangu mazishi hakuna aliyeiona tena peremende ile. Leo Aba akasikia karatasi ikichakarika, kisha meno yakikata. Halafu mkono wa Maame Tawia ukaja kwa chini, umefunguka, na nusu ya peremende katikati ya kiganja.

Aba akanyoosha wake kuipokea. Hapo ndipo Maame Tawia alipogeuza kichwa, akaona ni nani aliyekaa pale. Mkono ulirudi upesi kama ulioungua. Akaifunga ile nusu kwenye ncha ya leso yake, fundo la kwanza, fundo la pili, akamtazama Osofo na kutikisa kichwa kwa furaha ya wavunaji.

Aba akajiona mjinga kupita kiasi. Pole zote za msiba ule alipewa yeye. Watu walimshika yeye, wakamlisha yeye, wakalia naye. Nani alimwambia pole Maame Tawia? Yeye ndiye aliyepika, akapanga viti, akawakaripia wabeba jeneza kwa kwenda mbio. Hakuna aliyemwona akilia, na hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Nyamaza, Aba alijiambia. Nyamaza, utapoteza nafasi. Akauma ulimi. Akamtazama mbuzi. Osofo alikuwa anasema miganda, anasema vigelegele, na Aba akajikuta tayari amesimama.

"Umetangulia, shoga, na mlango hukuufunga!"

Mkubwa wa jimbo akainua nyusi. Toka nyuma kabisa sauti moja ya kizee, ya Egya Kobina, ikaitikia: "Tunakuja, tuwekee nafasi."

"Peremende yangu imebaki nusu," Aba akaimba, machozi yakimtoka, "nani nitamgawia?"

Maame Tawia akasimama. Kila mtu alidhani anataka kumvuta Aba nguo akae chini; Efua Bentsiwa alishaanza kujiweka sawa. Maame Tawia akainua leso yake yenye fundo juu ya kichwa, akaipeperusha, akafungua kinywa. Sauti yake ni mbaya, inakwaruza kama mlango wa ghala, na ndiyo sababu hajawahi kuimba peke yake.

"Tunakuja, Esi! Tuwekee nafasi!"

Kanisa lote likalipuka. Waliimba, wakalia, wakapunga leso, na Maame Tawia akalia mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza, Aba akamshika kiunoni asianguke. Wimbo ulipoisha Osofo Ebo alitafuta alipokuwa ameachia, hakupapata. Akasema amina, akashuka.

Nje, kina mama wakigombania nani amshike mbuzi, Maame Tawia alimvuta Aba kando. Macho yalikuwa yamevimba.

"Umekosea," alisema.

"Najua, Maame."

"Watu wamekuja na mayai na mbuzi, wewe unatuletea msiba. Mbele ya mkubwa wa jimbo!"

"Nafasi mpe Efua, Maame. Sina kinyongo."

Maame Tawia alikuwa anahangaika na mafundo ya leso, anayafungua kwa meno. Akaitoa ile nusu ya peremende, imeshaloa, imenata nyuzi za leso, akamtilia Aba kiganjani na kumfumba vidole.

"Efua atayajua wapi haya?" alisema. "Jumapili ijayo ukiona unataka kukosea, kosea mapema, mwanangu. Mimi wimbo ule nimeungoja tangu mvua."