Hesabu ya Samaki wa Mazinde

Kila siku saa moja asubuhi, Semboja alitoka nyumbani kwake Mazinde na baiskeli, akavuka reli, akamsalimia Habakuki, mlinzi wa shamba la mkonge, kisha akaingia shambani kuhesabu samaki wa baharini. Hawakuwapo. Aliandika hivyo, akatia saini, akarudi nyumbani kunywa chai.

Kazi hiyo ilitokana na minara ya umeme wa upepo iliyosimikwa baharini, upande wa Tanga. Wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba samaki wanapungua. Kampuni yenye minara, ambayo haikupenda kuonekana ina roho mbaya, ikatoa fedha za utafiti ili ijulikane kama ni kweli, na ikaahidi kwamba upungufu ukithibitika wavuvi watalipwa fidia. Sasa utafiti wa kisomi unataka mahali pa kulinganishia, mahali pasipo na mnara hata mmoja. Mtaalamu akatazama ramani, akaona Mazinde haina mnara. Ni kweli haina. Haina bahari pia, lakini hilo halikuwa kwenye vigezo.

Semboja walimchukua kwa sababu alikuwa karani wa mkonge miaka ishirini na minane, akihesabu kazi ya wakataji, majani thelathini fungu moja. Baba yake alikuwa mkataji. Siku moja alirudi nyumbani mikono imetobolewa na miiba, na kazi yote ya siku imefutwa na karani kwa kuwa fungu moja lilipungua majani mawili. Tangu hapo Semboja alishika neno moja maishani, kwamba hesabu kamili ndiyo haki ya mfanyakazi. Fomu za utafiti zilipoletwa zikiwa zimeshachapwa sifuri, ili kumrahisishia, alikasirika kweli kweli. Alizikata zote kwa wino mwekundu, akawa anaandika sifuri zake mwenyewe baada ya kuhakikisha.

Samaki walifika mwezi wa tano. Walikuja kwa njia ya reli, ambayo inaanzia baharini na haina kona nyingi za kumpoteza mgeni. Watu wa Hale waliwaona wakipita juu ya mataruma, kimo cha goti, changu mbele na kolekole nyuma. Korogwe walipumzika kidogo stesheni. Walipofika Mazinde waliingia kwenye mkonge, wakatulia hewani kati ya mistari, vichwa vimeelekea upepo unakotoka. Wadogo wenye haraka walichomwa na miiba siku mbili za kwanza, halafu wakazoea.

Grasiana, mke wa Semboja, alikuwa na lalamiko moja tu. Ngisi walimwaga wino kwenye vitambaa vya altare ya kanisa alivyokuwa ameanika.

"Si wangepita nyuma ya nyumba," alisema, akavirudia kuvifua.

Semboja alihesabu. Alihesabu kwa mafungu ya thelathini kama alivyozoea, akimgusa kila samaki kwa ncha ya fimbo, maana asichokigusa hakiandiki. Siku ya kwanza alipata mafungu mia mbili na tisa, na samaki kumi na mmoja juu yake. Jioni yake Deogratius, msimamizi wa utafiti, akapiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Hii fomu yako ina namba."

"Marahaba. Ndiyo, ina namba."

"Mzee wangu, hapo ni mahali pa kulinganishia. Panatakiwa sifuri. Unatuharibia kazi."

"Njoo uwatoe, nami nitaandika sifuri."

Deogratius akasema ataangalia kama mkataba wake una haja ya kuendelea. Semboja aliingiwa na hofu, kwa sababu kazi haziokotwi ukishafika umri wake. Asubuhi alichukua fimbo yake na kwenda shambani.

Wiki ya tatu akaja Faudhia. Alishuka kwenye basi la Tanga na kikapu kitupu. Yeye ni mkaanga samaki. Mume wake na kaka zake wote wavuvi, na karai lake lilikuwa limeanza kushika kutu. Kondakta ndiye aliyemwambia samaki waliko. Alitembea kati ya mistari ya mkonge, akiwatazama mmoja mmoja.

"Ni wetu hawa, mzee," akamwambia Semboja. "Yule tasi mwenye kovu ameshatoboa wavu wa mume wangu mara mbili."

"Kilichowatoa huko ni nini?"

"Minara. Inanguruma usiku na mchana, baharini hakukaliki."

Alipoelewa kwamba kazi ya Semboja ni kuandika, akaweka kikapu chini.

"Basi nakuomba kitu kimoja. Waandike wote. Sisi tukisema tunaambiwa tuna tamaa ya fidia. Wewe huna hata mtumbwi, watakusikiliza. Usinipunje hata mmoja."

Semboja machozi yalimlengalenga. Miaka ishirini na minane alitamani mkataji mmoja amwamini hivyo.

"Mama, kwa kalamu yangu hapungui hata mmoja."

Faudhia akakaribishwa na Grasiana, akawa analala chumba cha uani. Kwa miezi mitatu yeye alishika daftari na Semboja akashika fimbo. Walitambaa chini ya mkonge kuwafuata pweza mpaka ndani ya mtaro. Shati la Semboja lilichanika mgongo mzima, na siku moja mwiba ulimkosa jicho kidogo tu. Dagaa aliwahesabu pia, mmoja mmoja, ingawa ilimchukua siku nne.

Mwezi wa nane Deogratius alipiga tena, na safari hii sauti ilikuwa tamu.

"Mzee, nikuombe radhi. Wakubwa wamefurahi mno na namba zako. Endelea hivyo hivyo."

Siku hiyo Grasiana alipika wali, na Faudhia akampigia mume wake simu amwambie mambo yameanza kunyooka.

Ripoti ilizinduliwa Korogwe mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, kukiwa na mabango, maji ya chupa na fomu ya mahudhurio. Semboja na Faudhia walikaa mstari wa nyuma. Deogratius akasoma. Kabla ya minara, samaki wa baharini na wa Mazinde kwa jumla walikuwa elfu kumi na nane mia nne na sita. Baada ya minara, samaki wa baharini na wa Mazinde kwa jumla ni elfu kumi na nane mia nne na sita. Hajapungua hata mmoja, kwa hiyo fidia haina msingi. Zaidi ya hapo, minara imepanua eneo la samaki mpaka wilaya ya Korogwe. Watu wakapiga makofi. Kisha akamshukuru Mzee Semboja kwa jina, kwani bila uaminifu wake utafiti ungeonyesha upungufu mkubwa, jambo ambalo lingewapotosha wananchi.

Walitoka nje, wakasimama penye kivuli cha ukuta.

"Namba za Mazinde ni zako?" Faudhia akauliza.

"Ni zangu."

"Hukuongeza?"

"Sikuongeza, mama. Niliwagusa wote."

"Najua. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Ungewaachia zile sifuri zao, leo tungelipwa."

Semboja alijisikia vibaya kana kwamba ni yeye aliyemfutia baba yake ile siku ya kazi.

Kesho yake walikwenda shambani kama kawaida, kwa kuwa fedha za awamu ya pili zilikuwa zimeshapitishwa. Kabla ya saa nne hesabu ya mistari ya siku hiyo ilikuwa imekwisha. Faudhia akamwona changu mnene, akamkamata kwa mikono miwili, akamtia kikapuni. Habakuki akaja taratibu, akamsalimia vizuri, akamweleza kwamba kila kilichomo ndani ya mpaka ni mali ya shamba, na kuvua humu kunahitaji kibali. Faudhia akamwachia kikapu. Habakuki akamtoa changu, akamrudisha hewani kati ya mistari, naye akapiga mkia na kwenda zake. Semboja alikuwa ameshamhesabu asubuhi ile, kwa hiyo hakumhesabu tena.